Kitako Kilichokuwa Ndani ya Droo

Selmer Brekhus alikuwa fundi wa bunduki, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma kilichoungana na jikoni, kule kwenye nyika ya kondoo kaskazini mwa Dakota Kusini. Zamani chumba kile kilikuwa cha mashine ya kufulia ya mkewe Ardis. Ardis mwenyewe ndiye aliyeihamisha mashine ikaenda chumba cha chini, maana Selmer alikuwa akitengeneza bunduki mezani jikoni, akasema afadhali apande na kushuka ngazi na nguo kuliko kuokota springi ndani ya sinia la mikate.

Ardis alikuwa amekufa majira ya mavuno. Tangu hapo nyumba ilikuwa na sauti mbili tu, jokofu na upepo.

Si kwamba watu wa kule ni wabaya. Ila hawaendi nyumbani kwa mtu hivi hivi. Ukitaka kugonga mlango sharti uwe na jambo: spana uliyoazima, trei ya mayai, sahani ya kurudisha. Baada ya mazishi kina mama wa kanisani walimletea Selmer masufuria ya chakula, viazi na nyama na jibini juu, moja baada ya jingine mpaka friji ikajaa. Naye kwa heshima zake akala upesi, akaosha, akavirudisha vyombo vyote ndani ya wiki ile ile, akishukuru mlango kwa mlango. Hakujua kwamba alikuwa anafunga njia. Kina mama waliacha vile vyombo makusudi, wapate sababu ya kuja kuvifuata. Alipokuja kuling'amua hilo theluji ilikuwa imeshaanguka, na hakuna mtu wa kumwambia.

Mwezi wa tatu ndipo Dalen Wiechmann akaja. Huyu ni jirani wa upande wa mashariki, mtu wa miaka arobaini na kitu, mfugaji, ndevu nyekundu, anacheka kwa kishindo. Aliingia na bunduki yake ya nusu-otomatiki kwapani, ile nyeusi anayoitumia kuwinda koyoti, wale mbweha wa nyika wanaokula wanakondoo.

"Mzee, hebu sikiliza hii kitu," akasema, akaitikisa. Ko-ko-ko. "Kitako kinacheza kama jino la mtoto. Koyoti ananisikia kabla sijamwona."

Selmer aliipokea, akashika kitako kwa mkono mmoja na bunduki kwa mkono mwingine, akakizungusha kidogo.

"Hiki kitako kipya umekipata wapi?"

"Maonyesho ya bunduki, Rapid City. Jamaa akaniapia kinaingia bunduki yoyote."

"Jamaa kama huyo angekuuzia kofia ya kumvalisha kuku."

Dalen akacheka mpaka akashika meza.

"Na ukipiga risasi ya kwanza," Selmer akasema, "ya pili inakataa kupanda. Hasa kukiwa na baridi."

"Umejuaje wewe?"

Alijua kabla hajakaa. Nyuma ya bunduki kama ile kuna bomba, na kitako huvalishwa juu ya bomba hilo. Mabomba yako ya saizi mbili, ya kijeshi na ya madukani. La madukani limenenepa kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, lakini ukivalisha kitako chake kwenye bomba la kijeshi lazima kicheze. Na ndani ya bomba kuna springi, na mbele ya springi kipande kizito cha chuma wanachokiita bafa, kinachorudi nyuma kila risasi inapolia na kusaidia kuipandisha inayofuata. Dalen alikuwa amesikia mahali kwamba bafa zito hupunguza teke la bunduki begani, akaliweka. Kwenye baridi, oili ikiganda, zito lile halifiki mwisho wa safari yake, na risasi ya pili haipandi. Mambo haya lazima yaoane: bomba, kitako, springi, bafa. Ukibadilisha kimoja uulize vingine.

Na ndani ya droo ya pili, upande wa kushoto, Selmer alikuwa na kitako cha saizi ya kijeshi, kimetumika lakini kinakaza vizuri, na bafa la uzito wa kawaida. Kazi yenyewe haizidi muda wa kuchemsha kahawa.

Alifungua mdomo aseme hivyo. Ila Dalen alikuwa ameshavua kofia, amekaa kwenye kiti cha Ardis, ananyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Itabidi tuagize vipuri," Selmer akasema.

Basi mambo yakaenda hivyo. Dalen akawa anapita kila akitoka kulisha kondoo, kuuliza kama vipuri vimefika, na kwa kuwa ameshafika anakaa. Selmer akaanza kunyoa ndevu asubuhi. Akafuta kitambaa cha plastiki cha mezani, akanunua biskuti za mdalasini ambazo yeye mwenyewe hazipendi.

"Hiyo posta inakuja kwa miguu?" Dalen anauliza.

"Inakuja kwa miguu, na mguu mmoja mbovu."

Wanacheka. Wanaongea habari za bei ya sufu, za jirani aliyetumbukiza trekta bwawani, za Trudi, mke wa Dalen, anayemlea mwanakondoo ndani ya bafu la kuogea. Dalen akiondoka Selmer haoshi kikombe cha pili upesi. Anakiacha pale.

Siku moja akasema vipuri vimekuja lakini vya saizi nyingine, amevirudisha. Alisema bila kumtazama. Kesho yake Dalen alikuja tena.

Kisha kondoo wakaanza kuzaa, na koyoti wakaanza kuja. Wanakuja wawili wawili. Dalen alikuwa anatumia bunduki ya zamani ya baba mkwe wake, ile ya kuvuta kwa mkono kila risasi. Akimpata mmoja, yule wa pili ameshavuka kilima.

Asubuhi moja akaingia, na hakuvua kofia. Macho mekundu, suruali ina damu magotini.

"Keti," Selmer akasema. "Kahawa tayari."

"Sikai, Mzee. Wamekula watatu. Mmoja ni yule wa Trudi, wa kwenye bafu. Tulimtoa juzi tu akae na wenzake." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nipe bunduki yangu vile vile ilivyo. Icheze tu. Sina la kufanya."

Selmer alisimama na kibirika mkononi. Kumpa bunduki vile, isiyopandisha risasi ya pili, hakuweza. Kuitengeneza mbele yake ni kumwonyesha droo. Njia ya tatu haikuwepo, ingawa aliitafuta, masikini, kwa muda ambao Dalen aliona ni mrefu.

Akakiweka kibirika chini. Akaibana bunduki kwenye jiliwa, akavuta kile kipini cha chini na kukivua kitako kinachocheza. Akabonyeza kizuizi cha ndani kwa kidole, springi ikatoka na bafa lake zito. Kisha akafungua droo ya pili, upande wa kushoto.

Bafa la kawaida likaingia na springi yake. Kitako cha kwenye droo kikateleza juu ya bomba, kikakaa. Selmer akaitikisa bunduki. Kimya. Akavuta bolti, kile chuma kinachosukuma risasi, na kuiachia mara kadhaa, ikawa inaruka laini.

"Hicho kitako kilikuwa humo?" Dalen akauliza.

"Kilikuwa humo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja."

Dalen aliipokea bunduki. Alikitazama kiti, akaitazama sahani ya biskuti, na Selmer akaona kwamba ameelewa yote, na kwamba kuelewa hakukumsaidia.

"Wale wanakondoo, Mzee," akasema.

"Najua."

"Trudi alikuwa amempa jina."

Akatoka. Pikapu ikanguruma, sauti yake ikaenda mpaka ikawa upepo.

Siku zilizofuata Selmer alikaa. Alfajiri moja alisikia milio kutoka mashariki, miwili, wa pili ukiwa umeukanyaga kisigino wa kwanza. Akajua risasi inapanda. Ilikuwa habari njema, na hakuwa na wa kumpa. Alikunywa kahawa amesimama, maana kukaa kulimfanya akitazame kile kiti.

Alasiri ile akavaa koti la kazi, akawasha gari lake, akaenda upande wa mashariki. Njiani alijiuliza atasema nini, asipate kitu cha maana.

Dalen alikuwa kwenye banda la kuzalia, amepiga magoti, mkono uko ndani ya kondoo mpaka kiwiko. Hakugeuka.

"Una shida gani?"

"Sina shida. Nimekuja kukaa na kondoo. Wewe kalale."

"Sijakuita."

"Hujaniita."

Mwanakondoo akatoka, manjano, amelowana. Dalen akamfuta pua kwa majani makavu, akampeleka kwa mama yake. Akainuka taratibu kama mtu aliyeegemezwa ukutani muda mrefu. Alimtazama Selmer bila kicheko.

"Unajua kuzalisha?"

"Nilizaliwa bandani. Mama alisema nilichelewa kuliko ndama."

Dalen hakucheka. Aliosha mikono kwenye ndoo, muda mrefu.

"Yule mwenye doa shingoni yuko karibu kuzaa," akasema mwishowe. "Anapiga mateke."

Akaenda nyumbani, akafunga mlango wa banda nyuma yake. Selmer aligeuza ndoo akaikalia. Kondoo walikuwa wanatafuna, wanapumua, hakuna hata mmoja aliyemjua. Ilikuwa joto mle ndani. Yule mwenye doa alimtazama, kisha akageuza uso.

Mlango ukafunguka tena kidogo, baridi ikaingia.

"Kuna kahawa kwenye chupa pale," sauti ya Dalen ikasema. "Si nzuri."

Mlango ukafungwa.