Ugali wa Kibanda cha Pili

Jina la mwanangu wa pili lilinitoka kichwani jioni moja kwenye kibanda cha pili cha Mlima Meru, na halikurudi hadi asubuhi. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mbao, nimevua mabuti, nikiwawaza watoto wangu mmoja mmoja. Wa kwanza nikamtaja. Wa tatu nikamtaja. Wa katikati niliiona sura yake, nikaona hata pengo la meno yake ya mbele, lakini jina halikuwepo.

Sikumwambia mtu. Sababu ya kunyamaza ilikuwa ugali, na inabidi nieleze.

Nilikuja Arusha kutoka Tanga miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, baada ya shamba la mkonge nilikokuwa karani wa ghala kuuzwa kwa mmiliki mpya ambaye hakuhitaji makarani wengi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa dereva mjini. Akatuma habari kwamba watalii wameongezeka, kampuni za kupandisha wageni mlimani zinafunguliwa kila kukicha, na kinachotakiwa ni mgongo tu. Mgongo nilikuwa nao.

Nilichokosa ni pumzi. Mjini kwenyewe, kabla hata ya mlima, tulianza kuona tofauti. Maharage ambayo Tanga yaliiva kabla ya adhuhuri, huku mke wangu aliyabandika asubuhi tukayala jioni, na lawama zote akamtupia muuza mkaa. Midomo ilipasuka. Mwezi wa saba mtoto wa mwisho akatoka damu puani, nasi tukadhani amepigwa. Mimi nikipandisha ndoo ya maji kwenda chumbani kwetu nilisimama katikati ya kilima, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Baada ya miezi kama miwili niligundua kwamba sisimami tena. Siwezi kuitaja siku mwili ulipozoea. Ulizoea wakati nahangaika na mambo mengine.

Mlimani mambo ni tofauti, kwa sababu huko mwili huanza upya karibu kila safari. Ukikaa chini wiki kadhaa bila kazi, ulichokipata kinapotea. Nilikuwa na saa ya mkononi niliyobaki nayo tangu ukarani, nikawa napima mapigo ya moyo, vidole viwili shingoni, nikiwa nimekaa tu. Kwenye kibanda cha pili yalikwenda kama ya mtu aliyetoka kukimbizwa na mbwa. Nikilala nilishtuka ghafla, kama niliyesahau kupumua. Na chakula hakikupita. Hamu ya kula ndiyo huondoka kwanza, hata kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Mpishi wetu alilijua hilo vizuri. Alikuwa Mmeru wa Maji ya Chai, mtu wa makamo, na ndiye aliyechagua wapagazi wa kila safari. Hakumwuliza mtu kama anaumwa, kwa kuwa kila mtu angejibu hapana. Alipakua ugali, donge la ukubwa mmoja kwa kila mtu, akasimama mlangoni na mwiko wake, akazitazama sahani. Aliyebakiza alishushwa asubuhi. Ilikuwa busara, naikubali hata leo, maana mlima ukimshika mtu dawa ni kumshusha. Lakini aliyeshushwa hakuitwa safari iliyofuata, wala ile ya baada yake. Getini walisubiri wanaume wengine, waliopunguzwa viwandani na mashambani kama mimi, kila mmoja na kamba yake begani.

"Mtu wa pwani," aliniambia safari yangu ya kwanza, "huu hauna nazi. Utaweza?"

"Nitaweza, mkuu."

"Mdomo wako siusikilizi mimi. Naangalia sahani."

Wenzangu walicheka. Niliumaliza, kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikautapika wote.

Safari ya pili ndiyo ile ya jina. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mwarusha wa Ngaramtoni, mrefu, aliyebeba mizigo mlima huu kabla mimi sijajua kama upo. Aliniona nalizungusha tonge kinywani bila kumeza. Akanyoosha mkono chini ya blanketi, akalichukua donge langu, akalitia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti lake la mitumba.

"Kuku wangu wanaupenda," alinong'ona.

"Na wewe? Wako unapita?"

"Yero," akaniita, kama Waarusha wanavyomwita mwenzao, "mimi nimezaliwa na baridi hii. Mwili unazoea, rafiki yangu. Safari ya nne utakula mpaka ukoko."

Safari ya tano nilikula mpaka ukoko. Kichwa kiliuma kidogo jioni, kikaacha. Majina ya watoto wangu yalikaa mahali pake. Sikumpa tena donge langu, na mpishi akaacha kunitazama.

Mwaka uliofuata mvua za masika zilitukalisha chini karibu miezi miwili. Tulipopanda tena nilitembea taratibu kwa makusudi, nikijua nimerudi mwanzo. Aliyebaki nyuma hakuwa mimi. Jirani yangu nilimkuta amekaa kwenye jiwe, kwenye kilima cha mwisho kabla ya kibanda cha pili, pumzi yake ikilia kama birika linalokaribia kuchemka. Niliinua mzigo wake ili nimpokee. Koti lake alikuwa amelifunga juu ya mzigo, na mfuko wa nailoni ukadondoka. Ulikuwa na donge zima la jana la kibanda cha kwanza, halijamegwa.

"Hao kuku bado wanakula?" nikamwuliza.

Hakucheka. "Usiseme."

"Umeanza lini?"

"Nimekaa chini mno, basi. Safari hii ikiisha nitakuwa sawa."

"Unakohoa."

"Nani hakohoi hapa? Nina watu tisa nyumbani, yero. Usiseme."

Nilibeba mizigo miwili hadi kibandani, nikarudi kumchukua. Jioni alikaa nami bega kwa bega. Nililichukua donge lake chini ya blanketi, nikalila juu ya langu. Mpishi akapata sahani mbili safi.

Tuliposhuka, getini, mpishi aliniita kando karibu na mizani ya mizigo. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kusimama kulinishinda, nikaegemea nguzo.

"Wewe ndiye unayelala naye," alisema. "Yule anakula?"

Hakuwahi kumwuliza mtu swali hilo. Kwa mbali nilimwona jirani yangu ameinama, anafunga kamba zake polepole, masikio yote kwetu. Nyuma yake walisimama wale wanaume wa getini, wanatusubiri. Nikisema hapana, atakaa nyumbani na kifua chake kitapona, lakini watu tisa watalala njaa. Nikisema anakula, atapanda.

"Anakula," nikasema.

Mpishi akageukia mizani. "Haya. Alhamisi, wote wawili."

Alhamisi tulipanda. Kwenye kibanda cha pili jirani yangu alihamia kitanda cha ukutani, mbali nami, akakaa amenipa mgongo ili nisiione sahani yake. Alirudisha sahani ikiwa nyeupe. Nilisikiliza kikohozi chake mpaka nikapitiwa na usingizi. Alimaliza msimu ule kwa miguu yake mwenyewe, kisha akahamia kundi jingine, ambalo mpishi wake, nilisikia, hatazami sahani. Hatujaonana tena.

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye kibanda kile cha pili, nilipita kitandani kwake nikalipapasa koti lake. Mfuko wa nailoni ulikuwemo, mtupu, umekunjwa vizuri. Kama alikula, au alitoka nje akautupa ugali, sijui mpaka leo.