Huna Ruhusa ya Kuona Majibu Haya

Agatha Ng'itu hakulia pale dirishani, wala hakuuliza sana. Alikunja kadi yake ya hospitali, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda kutafuta gari la kumrudisha kijijini Makote. Alikuwa amekuja kuchukua majibu ya kipimo cha uvimbe uliomtokea kwenye titi. Karani wa mapokezi, Dastani, aliandika jina lake kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akamsomea kilichotokea kama kilivyo, maana Dastani ni mtu asiyejua kupinda maneno.

"Mama, inasema huna ruhusa ya kuona majibu haya."

"Nani hana ruhusa? Mimi?"

"Mimi, mama. Na daktari nimemuuliza, naye inamkatalia."

Basi. Mtu anaambiwa kwamba hata daktari wake amekatazwa kuona ugonjwa wake. Alipofika nyumbani na kumweleza mumewe Alfredi, majirani walikuwa wanasikia, na kabla ya magharibi Makote nzima ilikuwa na tafsiri yake. Majibu mazuri hayafichwi, walisema. Ukiona serikali yenyewe imeyafunga, jua yanatisha.

Aliyepaswa kulitatua jambo hili ni Ziada Chipanda, ofisa wa tehama wa hospitali ile iliyo kwenye njia ya Masasi na Newala. Ziada ni mtoto wa Newala hasa, binti wa fundi cherehani, aliyesoma Dodoma na kurudi kwao akiwa na shahada na mwana mmoja, Nurdin. Kazini wanamwita Mama Nurdin. Dastani alipomweleza habari ya Agatha, hakuona uzito wowote.

"Hilo la ruhusa ni dogo," alimwambia. "Nakuongezea sasa hivi."

Akamwongezea. Dastani akajaribu. Huna ruhusa ya kuona majibu haya.

Akampa Daktari Silvesta, mganga mkuu, ruhusa zote zilizomo kwenye mfumo, mpaka zile ambazo mganga hana kazi nazo. Huna ruhusa. Mwishowe akaingia kwa jina lake mwenyewe, yeye ambaye ndiye mgawaji wa ruhusa kwa hospitali nzima, na kompyuta ikamjibu vilevile, bila haya. Ziada alikaa akakitazama kioo kama mtu aliyezuiwa mlangoni kwake na funguo ziko mkononi.

Alimpigia Lameck, mmoja wa waliotengeneza mfumo ule, aliyeko Dar es Salaam.

"Dada, mfumo ukisema huna ruhusa, basi huna ruhusa," Lameck alisema. "Angalia upya ulivyozipanga."

Akaangalia upya. Alizifuta zote akazipanga tena, moja baada ya nyingine, mpaka akawa anaziota. Akapiga simu maabara ya mkoa wa mbali walikopeleka kipimo. Wale wakasema majibu yalishatumwa na wanaona kabisa yamepokelewa; kuyasoma kwa simu, utaratibu hauruhusu. Akaomba wayatume tena. Wakayatuma. Yakapokelewa tena, na kufungiwa tena humohumo.

Sasa Daktari Silvesta akaanza kumtazama kwa jicho jingine. Alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Nurdin, mwenye funguo za mfumo huu ni wewe peke yako. Kompyuta inasema mtu amefunga. Nikuelewe vipi?"

"Daktari, sijafunga chochote."

"Basi nani?"

Swali hilo lilimfuata hadi nyumbani. Ndilo lililomuumiza zaidi, maana hata yeye aliamini kwamba kuna mtu amefunga. Usiku hakulala, akiwahesabu waliowahi kushika nywila yake. Alimfikiria hata Dastani wa watu. Kwa majuma kadhaa alikwenda kazini kama anayekwenda mahabusu: anaingia, anakaa mbele ya kioo kilekile, anaambiwa neno lilelile.

Ilikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Asubuhi moja Alfredi alifika na unga wa salfa ungali kwenye nyusi, akauliza ofisi ya kompyuta iko wapi. Ziada alimwamkia, akampa kiti. Alfredi hakukaa.

"Mwanangu, sikuja kugomba," alisema. "Mke wangu Agatha, Mama Maria, hali tena. Juzi amewaita binti zake akawagawia khanga zake. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Kama ni ugonjwa wa kufa, mniambie mimi. Yeye mwacheni."

"Baba, sijui. Wallahi sijui, hakuna anayejua hapa."

"Sasa aliyekukatazeni ni nani?"

"Hakuna aliyetukataza, baba."

Alfredi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake analazimishwa kusema uongo. Akaaga, akaondoka.

Ziada alifunga mlango akalia. Alipomaliza kulia alifanya jambo ambalo angeweza kulifanya siku ya kwanza. Alikwenda chumba chenye mashine kuu akafungua faili ambamo kanzidata yenyewe, ghala la kumbukumbu zote za mfumo, huandika kila inachokwama nacho. Kwa nini hakulifungua mapema? Kwa sababu ujumbe ule wa kwenye kioo ulikuwa wazi mno. Mtu anayekwambia wazi kwamba mlango umefungwa, humuulizi kama nyumba ipo.

Mle hamkuwa na neno ruhusa hata mahali pamoja. Kila mara jina la Agatha lilipotafutwa, kanzidata ilikuwa imelalamika hivi: kosa la uandishi, karibu na "itu".

Itu. Ziada alidhani ni jina la kitu fulani ndani ya mfumo. Akalitafuta kila mahali, halipo. Akalitamka kwa sauti, mara mbili tatu, kisha akalitamka pamoja na kinachotangulia. Ng'itu.

Ile alama ndogo ya juu, inayotufanya tuseme ng'ombe badala ya kitu kingine kisichoeleweka, kwa kanzidata maana yake ni kwamba jina limeishia hapo. Ukurasa wa kuandikisha wagonjwa ulitengenezwa kwa uangalifu, ukaijua alama hiyo. Ukurasa wa majibu ulitengenezwa kwa haraka. Ulipouliza habari za Agatha, kanzidata ilisoma Ng, ikaona jina limekwisha, kisha ikakuta "itu" imetupwa nje haina mwenyewe, ikashindwa kulielewa swali. Haikumkatalia mtu. Haikuwa imeelewa hata inachoulizwa. Na mfumo, kwa kila kushindwa kwa namna yoyote, ulikuwa na sentensi moja tu ya kusema.

Ziada alirudi mezani akaandika jina lile na alama akaigonga mara mbili, maana ndivyo kanzidata huambiwa kwamba hii ni sehemu ya jina. Ukurasa ukafunguka. Hakusoma. Alikimbia kumwita Daktari Silvesta.

Daktari alisoma akiwa amesimama, akavua miwani.

"Si saratani," alisema. "Ni uvimbe wa kawaida. Tunautoa, basi."

Kisha, bila kumtazama, "Nilikufikiria vibaya."

"Hata mimi niliwafikiria watu vibaya, Daktari."

Walipanda wote wawili gari la hospitali siku hiyohiyo hadi Makote. Agatha alikuwa uani, amekonda, sufuria ya ming'oko, vile viazi vya porini, jikoni mbele yake. Daktari alimweleza taratibu, mara ya kwanza na ya pili. Agatha alisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, baba daktari. Na sasa aliyewaruhusu ni nani?"

Ziada alichuchumaa. "Shikamoo, mama. Hakukuwa na wa kuturuhusu. Kompyuta ilisema uongo. Ilishindwa kusoma jina lako, ikasingizia ruhusa."

"Marahaba, mwanangu. Jina hili ni la baba yangu. Shuleni limesomwa, kanisani limesomwa, kwenye kura limesomwa." Aligeuza ming'oko kwa mwiko. "Mlinificha nikiwa na nguvu. Sasa mmeona nakwisha, mmekuja kunibembeleza."

Ziada akachukua kijiti, akaandika jina kwenye mchanga, akamwonyesha alama. Agatha alilitazama jina la baba yake pale chini. Aliwapa ming'oko wakala, kwa maana mgeni ni mgeni, na walipoondoka hakuwasindikiza.

Hakurudi hospitali ile. Alfredi alimpeleka kwingine, mbali, akapimwa upya tangu mwanzo na kuambiwa maneno yaleyale ya Daktari Silvesta. Waliutoa uvimbe. Mavuno yaliyofuata alikuwa anaokota korosho kama wenzake, na anayemuuliza anamwambia kwamba kule kwa kwanza walimfungia majibu yake.

Lameck aliurekebisha ukurasa baada ya kusumbuliwa sana. Ujumbe hakuubadilisha. Alisema wateja wakiona maneno ya kiufundi wanaogopa. Kwa hiyo mtandao ukikatika, huna ruhusa. Diski ikijaa, huna ruhusa. Makarani wamekatazwa kumsomea mgonjwa sentensi ile. Wanatakiwa wampigie Ziada, naye ndiye mwenye kujua maana yake kwa siku hiyo. Ameomba uhamisho kwenda Mtwara, akajibiwa kwamba hana wa kumpokea kazi, maana hakuna mwingine anayeuelewa mfumo ule. Likizo yake anaila akiwa na simu mkononi.

Mwezi uliopita alikuwa Newala, kwenye harusi ya mdogo wake, bibi harusi ndiyo kwanza anatolewa ndani. Simu ikalia. Alitoka nyuma ya nyumba, akaziba sikio moja kwa kidole.

"Mama Nurdin, inasema huna—"

"Usinisomee inavyosema, Dastani," alimkatiza. "Niambie ulikuwa unafanya nini."