Kishimo cha Gumba

Mama jirani wa pale mtaa wa Bel-Air hasagi nyama kwa mashine. Huikatakata kwa visu viwili juu ya ubao mpaka ua mzima ujue kwake leo kuna baga. Kila donge akishalibapaza, hulibonyeza katikati kwa kidole gumba, lisije likavimba kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Dorcelle, muuguzi wa mlango wa pili, hana muda huo. Hununua za paketi, zilizopikwa na kugandishwa, na akitoka zamu huwapashia watoto kwa dakika tano. Jumamosi alimwonjesha Mama moja, macho chini, akingoja karipio. Mama alitafuna taratibu, akalamba kidole kama afanyavyo kila akionja.

"Haiko mubaya," alisema. "Inasaidia muntu mwenye kuchoka."

Jumapili baada ya misa alikuja na sahani ya baga mbichi kumi na mbili, kila moja imetengwa na mwenzake kwa kipande cha plastiki.

"Tia mu frigo, mutoto yangu. Siku utarudia umechoka, utachoma tu."

Dorcelle aliinua ile ya juu, akaweka gumba lake ndani ya kishimo cha gumba la Mama. Likakaa sawasawa.