Tone la Asidi na Kiini cha Garneti

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya mvua pale Kericho, nikiwa kijana katika maabara ya chuo. Miaka michache nyuma nilikuwa nimetoka jandoni, na kwetu Sigowet mvulana aliyekunja uso mbele ya kisu hakusahauliwa. Mimi sikukunja. Basi nikajiona mwanaume kamili, usiniulize nilivyokuwa nikitembea!

Nilikuwa namsaidia Mwalimu Achieng', mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, mkali lakini mwenye roho safi. Tulikuwa na jiwe kutoka milima ya Pokot, lenye punje nyekundu za garneti, aina ya kito kigumu. Zamani mno, kabla dunia haijaona samaki, huko kulikuwa na bahari, na sakafu yake ikaburutwa chini ya bara. Kule chini, kwenye joto na mgandamizo, garneti ilikua polepole, kiini kwanza, ukingo mwisho. Ndani yake mna elementi inayogeuka kuwa nyingine kwa mwendo usiobadilika. Ukipima kiini peke yake na ukingo peke yake, unajua ilianza kukua lini na ikaacha lini, na hapo unajua bahari ile ilimezwa lini. Lakini kwanza lazima uiyeyushe, na asidi inayoyeyusha jiwe haina huruma na nyama ya mtu.

Tulibaki na kiini kimoja tu kilichofaa. Nikawa nakimiminia asidi, mara nikaona unyevu kwenye ngozi, pale glavu inapoishia karibu na kifundo cha mkono. Haukuuma. Nikaupangusa nikaendelea.

"Nini hiyo?" Mwalimu akauliza.

"Si kitu, mwalimu. Haiumi."

"Haiumi? Hiyo ndiyo mbaya yenyewe! Inaingia mpaka mfupa na wewe unasimama hapo kama mlingoti!"

Alinivuta mpaka kwenye bomba kwa nguvu, na chombo kikaanguka. Kiini kikamwagika pamoja na asidi.

"Mwalimu, garneti yetu!"

"Jiwe tutarudi Pokot tutafute lingine. Mkono utatafuta wapi?"

Alikuwa ananipaka dawa huku akipiga kelele gari liletwe, na katikati akimwomba Mungu. Kumwona mama yule mkali akiomba ndiko kulikonitisha zaidi kuliko asidi. Niliwaza kwamba huenda nakufa na sijasikia hata maumivu.

Maumivu yalifika nikiwa hospitalini. Daktari alisema sumu ile ikiingia kwenye damu inaweza kusimamisha moyo, na kwamba lazima tungoje. Baba akaja kutoka nyumbani, gumboots zake zikiwa na udongo wa shambani. Nikauma meno asinione nikilia.

Akaketi kitandani, akanishika ule mkono mzima. "Kisu ya jando tuliijua," akasema. "Tulijua inakata wapi na inaishia wapi. Hii hatuijui. Lia, kijana yangu. Sema penye inauma."

Nikalia, naye akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia.

Mwanangu, kunyamaza kuna mahali pake, na wazee waliotufundisha hawakukosea. Lakini jambo usilolijua likikugusa, liwe kazini, liwe mwilini, piga kelele saa hiyo hiyo, hata kama bado haliumi. Anayekupenda hatakucheka. Mungu akulinde mikono na moyo, akupe watu wa kukusikia unapoita, na akuzeeshe mpaka uwashike mkono watoto wako.