Mkaa Chini ya Kisima cha Mariamu

Sikwenda kutembea. Mdogo wangu Mariamu, aliyeolewa ng'ambo ya Kabambare, alinitumia neno: chemchemi yao imekauka kwa jua kali la mwaka huu, na Bula Matari, serikali ya Wazungu, amesema kijiji kisicho na maji kitahamishiwa kando ya barabara. Mimi ni mchimba visima hapa Kasongo. Nikabeba sururu yangu, nikaondoka huku nikinung'unika, maana safari za miguu sizipendi hata kidogo.

Karibu na Kabambare, watu wa kazi ya barabara walikuwa wamekata kilima. Ndani ya udongo mwekundu niliona mstari mweusi. Nikapita zangu, njaa iliniuma.

Kufika tu, Mariamu akanishika mkono, mimi mkubwa wake. "Yaya, watoto wangu wawili walizikwa hapa. Tukihamishwa, nani atafagia makaburi yao?" Nikashusha sururu begani.

Asubuhi tukachimba, mimi, mume wake Kalonda, na majirani. Shimo lilipopita kimo cha mtu, tukakuta mkaa na kokwa za chikichi zilizoungua. Majirani wakaweka majembe chini. Kwao, penye mkaa na chikichi ni matongo, kijiji kilichoachwa, na matongo hayachimbwi bila ruhusa ya wenyewe.

"Na wenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Walikufa," akasema Kalonda.

Haya basi!

Kesho yake tukajaribu upande wa pili wa bonde. Mkaa uleule, kokwa zilezile. Hapo nikakumbuka ule mstari wa barabarani. "Shemeji, kijiji gani hiki kinatoka Kabambare mpaka hapa? Walikuwa wanampikia nani?"

Kalonda akacheka, kisha akatazama miti mikubwa. "Mchikichi hauoti kwenye kivuli. Basi ilipoota, msitu huu haukuwapo. Jua liliukausha msitu wa kwanza, moto ukapita, michikichi ikaota kwanza. Msitu ulirudi nyuma yake."

Woga ulinishika. Kumbe jua kali namna hii lilikwisha kuja, kabla ya babu za babu zetu! Lakini majirani, kusikia si matongo, walirudi shimoni. Chini ya mkaa tulikuta mchanga mweupe na mawe laini ya mto wa zamani, halafu maji, machafu na ya baridi.

Siku yangu ya kuondoka, Mariamu alichota kibuyu cha maji. Nikanyoosha mkono, nikidhani ni changu mimi mgeni. Akanipita, akaenda kuyamwaga makaburini.

Njiani nilisimama pale kilimani, nikagusa mstari mweusi. Hapa Kasongo watu wanasema jua la mwaka huu halijapata kuonekana. Limepata kuonekana. Msitu ulikufa, ukarudi. Na Mariamu hakuhama.