Siku Nilipokiosha Kigunduzi

Mimi si mtu wa kungoja. Wakati wa Zaire nilikuwa msaidizi wa maabara pale Kalemie, katika mradi wa kupima maji ya udongo mashambani, na masini yetu ilikuwa imekufa. Ndani yake mlikuwa na chanzo kidogo kinachotoa nyutroni za mbio. Zikigonga maji zinapungua mwendo, na bomba la gesi linazihesabu zile za polepole. Bomba hilo lilipasuka kwenye treni. Wakubwa wa Kinshasa wakasema kama hatuwezi kupima, turudishe vyote, tufunge.

Nikamwambia injenia, mkubwa wangu, kwamba badala ya bomba nitatengeneza kigunduzi cha silikoni. Aliniangalia kama vile nimemwahidi bia kutoka kwa ng'ombe wa malisho ya Pepa.

Nilitoa diodi moja ya silikoni kwenye kifaa kibovu, nikaondoa kioo chake, nikaipaka asidi ya boriki, ile ya kuoshea macho, niliyoipata farmasi na kuiyeyusha katika alkoli. Boroni iliyomo ndiyo inayofanya kazi yote. Inameza nyutroni ya polepole, inatema chembe, chembe inagonga silikoni, na spika ya redio niliyoiunganisha nayo inalia tak.

Mara ya kwanza ililia mfululizo. Nikapiga kelele hadi watu wa biro, ofisini, wakaja mbio. Kumbe sanduku nililoifungia diodi lilikuwa na tundu la msumari, mwanga ulikuwa unaingia, na silikoni huhisi hata mwanga.

"Sitwayeni," injenia akasema, yaani raia, maana ndivyo serikali ilivyotaka tuitane, "umetengeneza masini ya kuhesabu jua."

Walinicheka juma zima. Hasira iliyonishika, sikuweza hata kula vizuri.

Nikaziba tundu kwa lami. Chanzo nikakiweka upande huu wa meza, kigunduzi upande ule. Kimya, karibu kabisa. Kisha nikasimamisha katikati bidoni, dumu la mawese, maana mafuta yanapunguza mwendo wa nyutroni kama maji. Tak. Tak-tak. Nikacheka peke yangu.

"Sasa njo kupika?" injenia akauliza, akiangalia mawese. Akasikiliza kidogo. "Tutajua namna gani kama si makelele ingine? Osha iyo boriki. Kama njo boroni inafanya kazi, itanyamaza."

Nilimchukia, kwa sababu alisema kweli. Diodi ilikuwa hiyo moja tu, na uso wake wazi. Pamba ikikata waya wake mwembamba, mradi umekwisha, nami narudi kufundisha hesabu kwa watoto wasioitaka. Nikalowesha pamba kwa alkoli, nikabana pumzi, nikaosha.

Kimya. Mawese yapo pale pale, chanzo pale pale, na kimya. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, maana pengine nimethibitisha, pengine nimeiua. Injenia hakutania tena. Nikapaka boriki upya, tukangoja ikauke, muda mrefu kama wa kuivisha sombe, majani ya muhogo. Tukafunga sanduku, tukaiinamia spika wote wawili.

Tak.

Injenia akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kitabwa, lugha ambayo sijapata kumsikia akiitumia kazini. Alipofika hamsini alisimama, akaenda kwenye fonia, redio ya kuzungumzia, kuwaambia wakubwa wa Kinshasa: "Kalemie inapima." Mimi Kitabwa sikijui. Nilibaki pale nikiendelea kuhesabu kwa lugha yangu, machozi yananitoka.