Senene Aliyeninyima Kidato cha Tatu

Sisi tuliosoma Muleba enzi za ubao na chaki, baiolojia ilitutesa jamani. Kila kitu kilikuwa na jina refu kuliko chenyewe. Senene tu, mdudu wa kukaanga, akiingia darasani anakuwa na sehemu mia tatu, na zote za Kiingereza. Mwalimu wetu tulimwita Amiba, maana hakuwa na umbo moja: sasa hivi anacheka, ukigeuka kavimba. Akifoka, wavuvi wa kisiwa cha Bumbire walikunja nyavu wakidhani dhoruba inakuja.

Siku ya mtihani wa vitendo, kidato cha pili, Tata, yaani baba yangu, aliniambia asubuhi, "Ukifeli tena, unarudi kwenye migomba. Jembe lako nimeshalitia mpini." Nilikuwa nimeshakariri darasa mara moja, kwa hiyo hakuwa anatania.

Amiba akagawa senene, mmoja kwa kila mtu, kwenye kisahani. Kazi yenyewe kumchora, kuonyesha miguu na mabawa. Akasema tungoje kengele.

Kungoja ndiko kulikoniua. Mikono ya Mhaya na senene, waitu, haijui kengele. Mimi nawaza jembe la Tata, vidole vinafanya kazi viliyoizoea nyumbani. Kengele inalia, naangalia kisahani: senene wangu kachambuliwa, msafi, hana bawa hana mguu, anasubiri chumvi tu.

Amiba akaja akasimama. Safari hii hakufoka. Akaniuliza taratibu, "Sasa wewe utachora nini?"

"Mwalimu, huyu alikuja hivi hivi."

Akatazama kirundo cha miguu pembeni ya kidole changu. Darasa lilicheka mpaka bati zikalegea misumari. Nikachora nilichokiona, kitu kama kidole cha ndizi. Nikapata sifuri, na kesho yake nikashika jembe.

Watoto wa siku hizi wanamwangalia mdudu kwenye simu, wanamkuza mpaka anakuwa kama ng'ombe. Binti yangu anasoma hapa Bukoba mjini, mchoro wake wa senene ulipata alama zote. Juzi nimetoka Buganguzi na mfuko wa senene wabichi, wanarukaruka. Msomi wangu kakimbilia chumbani! Zamani kuchambua senene ilikuwa kazi ya nyumba nzima, mnapiga soga mpaka beseni linajaa. Nikakaa na beseni peke yangu. Nikamwita aje anisaidie.

"Siwezi, Tata," akajibu mlangoni. "Kesho tuna mtihani wa baiolojia."